Shahada ya Lavonne wa Chumba cha Chini

Tangazo lile lilikuwa limebandikwa kando ya makabati ya wafanyakazi kwa miaka tisa, na Lavonne Dreiling alikuwa akilipita mara mbili kila siku bila kulisoma. Siku aliyolisoma ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa tatu, wiki tano baada ya kumzika mama yake, na alilisoma kwa sababu moja tu: zamu ilikuwa imekwisha na hakutaka kurudi nyumbani.

Kwa miaka kumi na minne, tangu mama alipopigwa na kiharusi, saa tisa alasiri ilikuwa na kazi zake. Kulikuwa na vidonge vya kuhesabu, supu ya maharage mabichi na madonge ya unga ya kuinjika, mwili wa kugeuza ubavu kwa ubavu, na ukurasa wa vifo wa gazeti la mji wao, Marienfeld, wa kusoma kwa sauti, maana mama alipenda kujua nani ametangulia. Baba alikuwa amekufa zamani. Dada yake, Rosalyn, alikuwa ameolewa Wichita. Lavonne hakuolewa. Aliwahi kuwepo mwanamume mmoja, fundi wa visima vya mafuta, aliyemsubiri miaka miwili kisha akapakia zana zake akaenda Oklahoma, na Lavonne hakumlaumu. Sasa saa tisa ilimkuta amekaa mezani na koti mwilini, akisikiliza upepo wa Kansas ukigonga bati la ghala, asijue mikono aiweke wapi.

Kwa hiyo alilisoma tangazo hadi mwisho, pamoja na maandishi madogo. Lilisema kwamba hospitali itamlipia karo ya chuo mfanyakazi yeyote aliyetimiza mwaka mmoja kazini, mradi shahada atakayosomea ihusiane na kazi za hospitali. Yeye alikuwa ametimiza ishirini na miwili.

Miaka hiyo yote aliifanya chini ya ardhi. Vyombo vya upasuaji viliteremshwa kwa lifti ndogo vikiwa bado na damu: mikasi, koleo, visu, nyundo za mifupa. Lavonne na wenzake waliviosha, wakavikagua kimoja kimoja chini ya taa, wakavipanga katika trei, wakazifunga trei kwa kitambaa cha buluu na kuzitia katika mtungi mkubwa wa mvuke. Wagonjwa wa juu walipeleka keki kwa manesi na kadi za shukrani kwa madaktari. Hakuna mgonjwa aliyewahi kuuliza nani alichemsha mikasi.

Katika ofisi ya wafanyakazi alimkuta msichana aitwaye Kaylin, mwenye kucha za rangi ya waridi na moyo mwema. Kaylin alimuuliza anataka kusomea nini. Lavonne alikuwa hajafikiria kufika hapo.

"Ipo ya kuwasoma wale wadudu?" aliuliza.

"Wadudu gani, mama?"

"Hao ninaowaua. Miaka yote hii sijawahi kumwona hata mmoja."

Kaylin alitafuta katika kompyuta akakuta shahada ya maabara ya tiba, katika chuo cha jimbo, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari. Masomo mengi yangekuja kwa kompyuta, na mengine machache yangemtaka aende mwenyewe Jumamosi. Kisha akamsomea masharti. Karo ya mwaka ina kikomo chake, na kikomo hicho kinatosha masomo mawili tu kwa muhula. Lazima afaulu kila somo. Akianguka, karo atailipa mwenyewe. Msimamizi wake lazima asaini kila muhula. Akimaliza, atabaki hospitalini miaka miwili, la sivyo arudishe karo ya miaka miwili ya mwisho. Na mfanyakazi mwenye onyo la maandishi katika faili lake hatalipiwa kitu kwa miezi kumi na miwili. Lavonne alisaini yote. Hilo la mwisho hakulitilia maanani, kwani alikuwa hajawahi hata kuchelewa kazini.

Mtu wa kwanza kumwambia alikuwa Twila Befort. Kwa miaka kumi na saba wawili hao walisimama bega kwa bega kwenye sinki moja, na hapakuwa na jambo la mmoja ambalo mwenzake hakulijua. Twila alikuwa mfupi, mnene, mwenye kicheko cha kuamsha mtaa. Mumewe, Leander, alilima ngano kaskazini mwa mji, na mama ya Lavonne alipokuwa anakata roho, Twila ndiye aliyekuja na kapu la mikate ya nyama na kabeji, akakaa jikoni kimya siku mbili.

"Shoga," alisema Twila, mikono ikiwa ndani ya povu, "Sista Benigna aliyekufundisha shuleni alisema wewe na hesabu ni paka na maji."

"Sista Benigna amekufa."

"Yeye amekufa. Hesabu haijafa."

Na kweli haikuwa imekufa. Muhula wa kwanza hesabu ilimtesa Lavonne mpaka akapungua uzito. Darasa lilikuwa na watu ishirini na wanane, wote majina tu kwenye kioo cha kompyuta. Siku ya kwanza waliambiwa kila mtu ajitambulishe kwa maandishi. Lavonne alikaa karibu saa nzima akaandika mistari mitatu: jina lake, kazi yake, na kwamba ana miaka arobaini na minne. Watu wawili walimjibu "Karibu". Yakaishia hapo. Alipasi kwa alama ya chini kabisa inayokubalika, akaichapisha karatasi ya matokeo akaibandika kwenye friji, kisha akaibandua kwa kuona haya, ingawa hapakuwa na wa kuiona.

Lakini saa tisa ilikuwa imepata kazi tena. Alirudi, akavua koti, akafungua vitabu mahali palipokuwa na trei ya vidonge vya mama, akasoma mpaka saa kumi na mbili jioni. Kemia aliipenda kuliko alivyotarajia. Kulikuwa na mambo aliyokuwa akiyafanya kwa mikono tangu ujana bila kujua sababu yake, na sasa sababu zilikuja moja moja.

Taabu ni kwamba hakuwa na wa kumwambia. Siku moja sinkini alimweleza Twila jinsi sabuni inavyofanya kazi, kwamba kila chembe yake ina upande unaopenda maji na upande unaopenda mafuta, na kwa hiyo hushika uchafu mkono huu na maji mkono ule. Alieleza kwa muda mrefu kidogo. Twila alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, na adabu ile ndiyo iliyomuuma Lavonne, maana hawakuwa na desturi ya kufanyiana adabu.

"Haya, profesa," alisema Twila. "Na trei ya jana je, itajiosha?"

Jina likanata. Chumba kizima kikamwita profesa, kwa utani usio na ubaya. Jumanne jioni wenzake walikuwa na timu yao ya bowling, mchezo wa kuviringisha matufe kuangusha vigingi, na Lavonne alikuwa mchezaji wao wa tatu kwa ubora. Jumanne hiyohiyo ndiyo siku ya mtihani mdogo wa kila wiki. Muhula wa kwanza walimwekea nafasi yake. Muhula wa pili wakampa mke wa msimamizi, bwana Darrell Oyler. Hakuna aliyegombana na mtu. Mazungumzo ya asubuhi yakawa ya mchezo ambao yeye hakuuona, na vichekesho vikawa vya mambo yaliyotokea asipokuwepo, naye akajifunza kucheka kwa kuchelewa kidogo, kama kiziwi.

Mwaka wa tatu lilikuja somo la bakteria. Jumamosi ya kwanza alitoka nyumbani alfajiri, akapita mashamba ya ngano na pampu za mafuta zinazoinama na kuinuka peke yake nyikani, akafika chuoni mapema kupita kiasi akakaa ndani ya gari. Maabara ilijaa vijana wa miaka ishirini. Mwalimu akawaonyesha jinsi ya kuwatia bakteria rangi kwenye kipande cha kioo, kukiosha, na kukiweka chini ya hadubini. Lavonne akainamisha jicho. Mwanzoni aliona ukungu. Akazungusha kidogo, na mara wakatokea: vijiti vidogo vya zambarau, maelfu, vingine viwili viwili, vingine vimejipanga kama mabehewa.

Alikaa hivyo mpaka binti wa meza yake akamgusa bega, akamuuliza kama yu mzima.

Njiani kurudi alisimama kituo cha mafuta akanunua kahawa. Alimpigia Rosalyn. Rosalyn akasema yuko kwenye mechi ya mtoto, hasikii vizuri, atampigia. Lavonne akanywa kahawa yake akitazama malori. Rosalyn hakupiga.

Sasa lazima nieleze habari ya kichupa, maana ndicho kilichobadilisha mambo.

Kila siku, pamoja na vyombo, waliweka ndani ya mtungi wa mvuke kichupa kidogo chenye bakteria wagumu waliolala. Mvuke ukikwisha, kichupa hutolewa na kuwekwa mahali penye joto kwa saa ishirini na nne. Kikibaki zambarau, bakteria wamekufa, na kama wao wamekufa basi kila kitu kimekufa. Kikigeuka njano, wako hai. Trei zenye vyuma vya kubaki ndani ya mwili wa mtu, magoti na nyonga za bandia, zilitakiwa zisubiri kichupa. Kitabu kilisema hivyo. Lakini madaktari walikuwa na haraka na trei zilikuwa chache, na katika chumba cha chini ilikuwa desturi ya siku nyingi kuandika "zambarau" siku ileile, kusaini, na kuituma trei juu. Kila mmoja alifanya hivyo. Miaka yote kichupa hakikuwahi kugeuka.

Lavonne alipokwisha kusoma kwa nini bakteria wale walichaguliwa, na jinsi wanavyojifunga ndani ya ganda na kungoja, mkono wake ulikataa kusaini mapema. Akaanza kusubiri. Na asubuhi moja akamwona Twila akisaini.

"Twila, hicho hakijatimiza muda wake."

"Daktari anataka goti lake saa nne. Nisaini lini, Krismasi?"

"Kesho."

"Karibu miaka ishirini tunasaini hivi. Na aliyenifundisha ni wewe."

Ilikuwa kweli. Lavonne akasema wakati huo alikuwa hajui.

"Na nani amekufa?"

"Hatujui. Ndiyo kazi ya kichupa."

Twila akafuta mikono yake taratibu. Hakuwa amekasirika, alikuwa amechoka tu. "Ulipokuwa hujui," alisema, "tulikuwa tunaelewana vizuri."

Lavonne akarudi kwenye trei yake. Alinyamaza wiki nne nzima, na ukimya huo baadaye alijilaumu nao kuliko yote. Alichofanya ni kuvikagua vichupa vyote mwenyewe kabla ya kutupwa, hata vile vilivyokwisha kuandikwa. Jumatano ya wiki ya nne, mchana, akatoa kichupa cha Jumanne. Kilikuwa njano.

Katika kitabu kiliandikwa zambarau, kwa mwandiko wa Twila. Trei yenyewe ilikuwa imetumika asubuhi hiyo kwenye nyonga ya mkulima mmoja. Twila alikuwa amekwenda kwa daktari wa meno na simu yake ilikuwa mkononi mwake, kama siku zote. Chumbani hapakuwa na mtu mwingine. Lavonne alisimama na kile kichupa, kidogo kama kidole cha mtoto, na ndoo ya takataka ilikuwa karibu na mguu wake. Hakuwa malaika, ndoo aliitazama. Kisha akanyanyua simu ya ukutani akapiga chumba cha upasuaji.

Mkulima alianzishiwa dawa siku hiyohiyo, akaangaliwa kwa wiki kadhaa, akapona. Mpira wa kuziba mlango wa mtungi ulikutwa umechoka, ukabadilishwa. Trei zote za juma lile zikarudishwa. Hayo yote yalikuwa mema. Halafu kikaja kikao cha ghorofa ya tatu, watu watatu nyuma ya meza na bwana Oyler pembeni, na swali likaulizwa kama jambo hilo lilitokea mara moja tu.

Lavonne angeweza kusema habari ya kichupa kile kimoja tu, akaishia hapo. Alisema, "Mimi mwenyewe nilisaini hivyo zaidi ya miaka ishirini. Ndivyo tulivyofanya sote."

Bwana Oyler akasema yeye hakuwa na habari kabisa. Alisema akiitazama meza. Lavonne alikumbuka ni mara ngapi bwana huyo alisimama nyuma yao akiangalia saa na kusema wa juu wanangoja, lakini hakuulizwa tena, na hakuna mwingine aliyesema.

Twila alihamishiwa chumba cha kufulia mashuka, kwa mshahara mdogo. Lavonne alipewa onyo la maandishi. Siku mbili baadaye Kaylin akamwita, akafunga mlango, akamsomea kile kifungu cha miezi kumi na miwili. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Hata mimi naona si haki," alisema Kaylin. "Lakini imeandikwa."

"Nilisaini," alisema Lavonne.

Jioni hiyo Twila alikuwa anamngoja kwenye maegesho, ameegemea gari la Lavonne, koti lake likipigwapigwa na upepo. Lavonne alijua atatukanwa na alikuwa tayari. Twila hakutukana.

"Ulikuwa na namba yangu," alisema. "Ungenipigia mimi kwanza. Dakika tano. Ningekuja na mdomo wangu uliojaa ganzi ningesema mwenyewe."

Dakika tano zisingemdhuru yule mkulima. Lavonne alikuwa hata hajawaza kupiga. Au aliwaza, na aliogopa Twila angesema kitu cha kumlegeza? Alijiuliza hapo, na aliendelea kujiuliza miaka mingi, na kila mara jibu lilikuwa tofauti.

"Haya basi, profesa," alisema Twila, na mara hiyo haukuwa utani. Akaenda zake.

Mwaka uliofuata ulikuwa mrefu kuliko yote. Chumba cha chini kilipata wafanyakazi wapya waliofundishwa kusubiri kichupa na hawakuona ajabu yoyote katika kusubiri. Wale wa zamani walizungumza naye mambo ya kazi tu. Alipoingia, mtu akisema "funikeni kitabu, asije akakisoma", wengine walicheka na yeye alijifanya hakusikia. Chakula cha mchana alikula ndani ya gari, injini ikiwaka kwa ajili ya joto. Alipopita kwenye ukumbi wa kufulia alisikia kicheko cha Twila kikitoka nyuma ya mashine, maana Twila alikuwa mtu wa kupata marafiki popote. Rosalyn alimshauri aache yote, aende Wichita, hospitali ziko tele huko. Lavonne alisema atafikiria. Badala yake alitoa kitabu cha bakteria, ambacho kozi yake ilikuwa imekwisha, akakianza upya ukurasa wa kwanza, saa tisa kila siku, bila mwalimu na bila mtihani.

Mwezi wa kumi na tatu alikuwa mlangoni kwa Kaylin kabla ofisi haijafunguliwa. Bwana Oyler alisaini fomu bila kuinua uso.

Alimaliza akiwa na miaka hamsini na miwili. Miezi ya mwisho alifanya mafunzo katika maabara ya hospitali hiyohiyo, ghorofa ya pili, kila alasiri baada ya zamu ya chini. Siku ya mahafali aliendesha gari peke yake na joho likiwa limetandazwa kiti cha nyuma lisikunjamane. Rosalyn alikuwa ameahidi kuja, kisha mtoto akaumwa. Ukumbi ulijaa watu elfu kadhaa. Jina lake, Dreiling, lilitamkwa vibaya, likawa kama neno la Kiingereza la kuchimba visima, na palipokuwa na jina la mwingine watu walipiga kelele na vigelegele vya furaha, palipokuwa na lake yalisikika makofi machache ya huruma ya wasiomjua. Nje, familia moja ilimwomba awapige picha. Aliwapiga tatu. Yule baba akamuuliza, "Na wewe, mama, nani anakupiga?" akachukua simu ya Lavonne akampiga picha mbele ya ukuta wa mawe, akiwa amekunja macho kwa jua. Hakujua amtumie nani. Alimtumia Rosalyn. Rosalyn alijibu kwa alama ya maua.

Njiani alisimama kaburini kwa mama yake akakaa robo saa. Upepo ulikuwa mkali mno kwa mtu kusema.

Maabarani walimpokea vizuri. Walikuwa wanne, watu wa kimya, na kila mmoja alikuwa na mashine yake. Walizungumza habari za vyuo walivyosoma wakiwa vijana, na wa makamo yake aliyewahi kuosha mikasi hakuwepo. Huko chini alikuwa profesa, huku juu alikuwa yule mama aliyetoka chini. Hakulalamika. Kazi yenyewe aliipenda kwa namna ambayo hakuwahi kupenda kazi, na kwa saa nane kila siku aliwatazama aliokuwa akiwaua bila kuwajua, akawatambua kwa sura na kwa tabia, akaandika majina yao.

Asubuhi moja ya Februari, mashine inayotunza chupa za damu ililia. Chupa moja ilikuwa imeota kitu. Lavonne akaichukua, akasoma kibandiko kama ilivyo sheria: Befort, Leander, miaka sitini na mmoja.

Akakaa kitako kidogo, jina la mume wa Twila mkononi. Kisha akavaa glavu, akatoa tone, akalipaka kwenye kioo, akalitia rangi, akaliosha, akaliweka chini ya hadubini. Walikuwepo, wengi, wamejikusanya kama zabibu. Alijua wanaitwaje na alijua wanavyofanya wakiingia katika damu. Alirudia kipimo mara ya pili kwa kioo kingine, ingawa hakuwa na shaka, kisha akapiga simu wodini akamwambia nesi, akamtaka arudie kila neno ili asikosee. Nesi alirudia. Lavonne akaandika saa, akatia herufi mbili za jina lake, akaendelea na chupa nyingine. Wodi ilikuwa ghorofa moja juu yake. Alijua Twila yuko huko, amekaa kando ya kitanda na mkoba mapajani. Sheria ilimkataza kusema lolote, na hata kama isingemkataza, hakujua angepanda ngazi akaseme nini. Mchana alikula kazini kwake, akiisubiri simu isiyokuwa na sababu ya kulia.

Siku ya tatu iliyofuata chupa mpya ya Leander haikuota kitu. Ya nne pia.

Ijumaa ya pili ya Kwaresima Lavonne alikwenda ukumbi wa parokia kula samaki, kama mji mzima. Alikuwa kwenye foleni, sahani mkononi, aliposikia nyuma yake pumzi anayoijua.

"Lavonne."

"Twila."

Walikuwa hawajasemezana tangu ile siku ya maegesho, miaka mitano na ushee. Twila alikuwa amekonda. Akasema Leander ametoka hospitalini Jumanne. Lavonne akasema amefurahi kusikia.

"Daktari anasema walijua mapema dawa gani ya kumpa," alisema Twila. "Anasema kungekucha mara moja zaidi bila dawa hiyo, sijui."

"Vizuri. Vizuri sana."

Twila akamtazama. Ilikuwa kama anatafuta kitu mkobani na hajui kama alikiacha nyumbani. Huenda aliziona zile herufi mbili kwenye karatasi, huenda hakuziona. Lavonne alikaza macho kwenye bakuli la viazi. Foleni ikasogea, mtu akawapa samaki, mwingine akawapa mkate.

"Haya," alisema Twila. "Kaa vizuri, basi."

"Na wewe. Msalimie."

Twila akarudi kwenye meza ya watu wa kufulia, ambako Leander alikuwa amekaa na blanketi mabegani, na watu wakasogea kumpisha. Tangu siku hiyo walisalimiana kanisani kwa kuinamisha kichwa, na haikuendelea zaidi ya hapo. Miaka miwili ya deni la kazi ilipokwisha, Rosalyn alipiga simu tena kuuliza habari ya Wichita, na Lavonne akamwambia hapana, atabaki. Lakini hayo yalikuwa baadaye. Jioni ile ya samaki alisimama kidogo katikati ya ukumbi na sahani yake, akaona nafasi mwisho wa meza ndefu karibu na mlango, akaenda akaketi.